Taya la Kushoto

Mtu akikwambia Wahaya wanaringa, mwambie kwanza akaonane na Leonsia wa Mirongo. Tangu afiwe na mumewe, mwaka mzima, hakuwa na cha kuringia zaidi ya mashine moja ya kukereza mbao, na hiyo nayo walitaka kumnyang'anya. Kumnyang'anya ni neno kali, na yeye mwenyewe hakulitumia. Alisema tu kwamba wanataka kuichukua. Lakini kitu kikiondolewa mikononi mwako wakati hujakiachia, sijui kiitwe nini kingine.

Mashine ilikuwa ya marehemu Nestory. Ilikaa kwenye kibanda cha mabati hapo Mirongo, na Leonsia aliizoea kama anavyolizoea jiko lake. Nestory mwenyewe ndiye aliyemfundisha kukereza miguu ya vitanda, vigoda, na miti ya kusukumia chapati, ambayo akina mama wa sokoni walikuwa wakiifuata hapo hapo. Kitu kimoja tu hakuwahi kukikereza: kiko cha tumbaku. Viko vilikuwa kazi ya Nestory peke yake. Aliwatengenezea wazee wachache wa mjini ambao hawakuwa tayari kuvuta sigara, na watalii waliotaka kitu cha kupeleka kwao. Leonsia alipewa vikishakamilika, apige msasa na kupaka mafuta.

Baada ya misa ya mwaka, ndugu walikaa kuzungumza. Rwehumbiza, mdogo wa marehemu, aliyekuja na meli kutoka kwao Muleba, Kagera, alisema kwa upole kabisa kwamba ana vijana wawili waliomaliza ufundi na hawana cha kufanyia kazi, wakati hapa Mwanza mashine ya kaka yake inakereza miti ya chapati. Hakuwa mtu mbaya. Ndiyo maana ilikuwa vigumu kumjibu. Watu wote wakageuka kumtazama mama wa Nestory na Rwehumbiza, Kokugonza, mwanamke wa karibu miaka themanini, aliyekuwa amekaa mkekani pembeni na kiko chake kimezimika.

Kokugonza hakuwa na haraka. Alisema, "Kiko changu kimeungua tundu chini. Nestory aliniahidi kingine, akafa nacho moyoni. Atakayenitengenezea nikakivuta, mashine ni yake. Rwehumbiza, rudi baada ya wiki tatu."

Basi kikao kikaisha hapo. Mama mkwe akabaki Ilemela nyumbani kwa Leonsia, mkwe akabaki na wiki tatu.

Sasa, kiko si mti wa chapati. Kiko kina matundu mawili: moja pana la kuwekea tumbaku, linashuka kutoka juu, na jingine jembamba la kupitishia moshi, linaingia kutoka ubavuni. Ni lazima yakutane chini kabisa. Yasipokutana, umetengeneza pambo la kabatini. Ili yakutane, kipande cha mti kishikwe imara, kitobolewe, kigeuzwe, kitobolewe tena bila kuhama hata unywele. Kinachokishika ni mataya yanayofungwa kwenye kichwa cha mashine. Mafundi wengine wana majina yao, lakini Nestory aliyaita mataya, na Leonsia akazoea hivyo hivyo. Yale ya kiwandani ni ya chuma, yanaung'ata mti mgumu na kuuachia makovu, kwa hiyo Nestory alichonga ya kwake ya mbao na kuyafunga juu ya chuma. Alikuwa nayo mengi, kila kiko na mataya yake.

Yako wapi? Yalichemsha chai. Siku za msiba akina mama wa jumuiya waliishiwa kuni, mtu mwema akaenda kibandani akazoa vipande vyote vya mbao vilivyokuwa chini ya meza. Waombolezaji wakanywa chai ya moto, na Leonsia mwenyewe akanywa vikombe viwili asijue anakunywa nini.

Yalipona mataya mawili tu, yaliyokuwa ndani ya kopo la rangi juu ya rafu. Humo humo, ndani ya unga wa mbao, kulikuwa na kipande cha mzizi wa mzeituni mwitu, ukubwa wa ngumi mbili. Nestory aliuchimba mwenyewe na kuukausha miaka saba. Ubavuni alikuwa ameandika kwa penseli: Mama. Mzizi ulikuwa huo huo mmoja. Ukiharibika, habari imeisha.

Leonsia aliyatazama yale mataya kwa muda mrefu. La kulia lilikuwa limepasuka katikati na halifai tena. La kushoto lilikuwa zima, lakini lilikuwa na kasoro. Kila taya lina ngazi ndogo ambapo mti unakalia, na ngazi ya la kushoto ilikuwa chini kuliko ya la kulia, kwa unene wa penseli hivi. Hata mwanafunzi wa wiki ya kwanza angeona kwamba mti ukikaa hapo utalala upande.

Moyo ulimwuma. Alikumbuka miezi ile ya mwisho, mikono ya Nestory ilivyokuwa ikitetemeka hata kushika kikombe, na jinsi alivyong'ang'ania kwenda kibandani huku akimwambia kwamba ana kazi ndogo tu ya kumalizia. Kumbe kazi yenyewe ndiyo hii, na imempinda mkononi. Alimwonea huruma, halafu akaona haya kwa niaba yake. Akayafunga mataya kwenye kipande cha kanga kana kwamba anamficha mtu.

Kesho yake akayapeleka kwa Ndalahwa, fundi wa vyuma aliyekuwa rafiki wa marehemu tangu ujana wao. Ndalahwa ni Msukuma mnene, mwenye sauti ya chini na maneno mengi. Alimkaribisha shemeji yake kwenye benchi, akasikiliza habari yote, halafu akamtania kwamba Wahaya hata kiko wanataka kivae suti. Leonsia akamjibu kwamba Msukuma akipewa kiko ataanza kuulizia kinabadilishwa na ng'ombe wangapi. Wakacheka, ikawa nafuu.

Halafu wakaingia kwenye kuchagua, na hapo Ndalahwa aliacha utani. Alimwekea mezani aina tatu. Ya kwanza mataya manne mafupi ya mviringo, yanashika kwa nguvu pande zote. Lakini ukitaka kugeuza mti lazima uufungue wote, na ukiufungua umepoteza katikati yake. Ya pili mawili ya chuma yaliyochongwa makali ndani. Hayo hayaachii kitu, lakini Leonsia alipitisha kidole akawaza makovu kwenye mzizi wa miaka saba, akayasukuma kando. Ya tatu mawili marefu, bapa, ya aluminiamu iliyoyeyushwa kutoka kwenye pistoni za zamani. Hayo ni laini, hayaumizi mti, na ukiulegeza kidogo unaugeuza kutoka tundu la tumbaku hadi tundu la moshi, bila kuupoteza. Unaweza hata kuyabandika ngozi ndani.

"Haya," alisema Leonsia. "Ya aluminiamu, na ngozi."

Ndalahwa akasema angechagua hayo hayo. Akachukua yale ya mbao ili apime urefu na ngazi, akayasimamisha juu ya meza bega kwa bega. Akachukua kipimo chake cha chuma, akapima mara mbili.

"Shemeji, hii ngazi ya kushoto nayo niifuate ilivyo?"

Leonsia alijibu haraka kuliko alivyokusudia. Alisema hapana, azifanye sawa. Alisema marehemu alikuwa mgonjwa wakati ule, mikono ilikuwa inatetemeka, na hakuna haja ya kuyatangaza haya kwa chuma. Ndalahwa alimtazama kidogo, akakuna kidevu, akasema sawa, mwenye mali ni yeye.

Mataya yalikuwa tayari baada ya siku nne, na yalikuwa mazuri kuyaona, sawasawa mithili ya mapacha. Leonsia hakuthubutu kuanza na mzizi. Alichukua kipande cha mpera, akakifunga, akawasha mashine. Kiliposhika na kuzunguka bila kuyumba, alisikia raha hadi miguuni. Akatoboa tundu la tumbaku, akalegeza, akageuza, akatoboa la moshi. Akapuliza. Pumzi ikapita! Alikaa kwenye kigoda akiwa na kile kiko kiganjani, akacheka peke yake kama mwendawazimu, na mteja wa mti wa chapati aliyeingia wakati huo akauliza kama yuko salama.

Alikiwekea mrija wa mwanzi, akapiga msasa, akakipeleka nyumbani.

Nyumba yao iko juu ya mawe huko Ilemela, na barazani ziwa linaonekana lote mpaka kisiwani. Hapo ndipo Kokugonza alipokuwa akikaa kila jioni, mkekani, miguu ameikunjia upande mmoja, kapu lake la tumbaku ubavuni. Leonsia alipiga magoti, akasema, "Shikamoo Mama," akamkabidhi kwa mikono miwili na kueleza kwamba hicho ni cha majaribio tu. Mama aliitikia marahaba. Akakigeuzageuza, akapitisha kidole ndani ya tundu, akakiweka juu ya kapu.

"Kizuri," alisema.

Kizuri! Mtu amekesha na mashaka kwa wiki mbili, halafu anaambiwa kizuri kama mtu aliyepika mchicha. Leonsia hakuonyesha kitu. Alikwenda jikoni akaleta kaa la moto kwenye kigae, akaliweka mbele ya mama mkwe, akainamisha macho, akatoka. Ndivyo alivyokuwa akifanya siku zote. Kabla hajaolewa, shangazi yake kule Karagwe alimweka chini akamfundisha: mama mkwe akitaka kuvuta, mpelekee moto, usimtazame, ondoka. Kumtazama mkubwa akivuta ni sawa na kumhesabia matonge. Leonsia alilishika hilo miaka kumi na tisa. Kila Kokugonza alipokuja kuwatembelea, kaa liliwekwa, macho yakainama, mlango ukarudishwa. Hata kile kiko chenyewe cha zamani hakuwahi kukishika. Nestory alikitengeneza kabla ya ndoa yao, na mama hukiweka ndani ya kapu akimaliza. Kumwomba ni sawa na kumwomba kanga aliyovaa.

Asubuhi ya Alhamisi, siku mbili kabla ya Rwehumbiza kurudi, Leonsia alikuwa anafagia baraza. Aliukunja mkeka aukung'ute, akaona tundu jipya limeungua karibu na ukingo. Kando yake majivu. Na kile kiko cha mpera kilikuwa nyuma ya kapu, kimevutwa mara moja, kikaachwa.

Alisimama na ufagio mkononi. Kwa hiyo mama alikijaribu, na kaa likamwangukia. Kiko kilichotoboka sawasawa, pumzi inapita, mataya mapacha, na bado kimemwaga moto mkekani. Kwa nini? Aliwaza mpaka kichwa kikamwuma. Angeweza kuuliza, lakini angeuliza nini, wakati hajui hata mama anakishikaje? Na kesho ndiyo siku ya mwisho ya kukereza.

Jioni ile alipeleka kaa kama kawaida. Aliliweka. Akainamisha macho. Akageuka, akafika mlangoni, mkono uko kwenye komeo. Hapo hapo akarudi.

"Mama," alisema, "naomba nikae nikutazame ukivuta."

Kokugonza alinyanyua uso. Chini kule mitumbwi ilikuwa inatoka, na mama akaitazama kwanza, kana kwamba yeye hakusikia. Halafu akasogeza kapu, nafasi ikapatikana mkekani.

"Kaa," alisema. "Mimi nilidhani moshi wangu unakukera."

Leonsia hakuelewa. Mama akaeleza polepole, bila lawama, na hilo ndilo lililomwumiza zaidi mkwe wake. Kwao Muleba, alisema, mtu akikuletea moto anakaa. Mnazungumza mpaka kaa lizime. Akiliweka na kutoka, amekuambia kwamba hataki maongezi na wewe. Mara ya kwanza alipoletewa moto na mke wa mwanawe, akaona mlango unarudishwa, alisikitika, halafu akazoea. Nestory alimwambia kwamba mkewe ni mtu wa aibu tu. Yeye hakuamini.

"Miaka kumi na tisa, Mama?" Leonsia aliuliza.

"Si umekaa sasa."

Leonsia akalia, hakujizuia. Alimwambia habari za shangazi. Kokugonza alisikiliza mpaka mwisho, halafu akacheka kicheko cha kikohozi, akasema huko Karagwe watu wanafundishana mambo makubwa. Akatoa kiko chake kikuukuu kwenye kapu, tundu lake la chini amelizibia udongo, akaweka tumbaku, akaweka kaa juu.

Na Leonsia akatazama.

Mama hakukishika kiko. Alikisimamisha mkekani mbele yake, kikakaa kwa kitako chake wima kabisa, na mrija wake mrefu ukapanda kimshazari kutoka chini hadi mdomoni kwake. Mikono yake yenye baridi yabisi ilikuwa imepumzika mapajani. Akavuta, moshi ukaja, kaa halikutikisika. Leonsia akakichukua kiko cha mpera akakiweka pembeni yake. Mrija wake ulilala sambamba na mkeka. Anayetaka kukivuta lazima aunyanyue, na akiunyanyua, kiko kinainama na moto unamwagika. Kilikuwa kiko cha mtu wa kukaa kwenye kiti na kukishika mkononi, kama vile vya wateja wa mjini.

Tundu la moshi lilitakiwa lipande. Na ili lipande, mti ulitakiwa ulale upande ndani ya mashine. Na ili ulale, ngazi ya kushoto ilitakiwa iwe chini.

Asubuhi alikuwa kwa Ndalahwa kabla hajafungua mlango. Hakuwa na haja ya kusema mengi. Ndalahwa aliingia ndani akarudi na lile taya la mbao la kushoto, akampa, akamwambia apitishe kidole kwenye ngazi. Ilikuwa laini kama kioo.

"Mkono unaotetemeka hauachi uso wa namna hii, shemeji," alisema Ndalahwa. "Nililiona siku ile ile. Nikasema, mwache, atarudi."

Leonsia alilishika lile taya kwa mikono miwili. Alikuwa amemdhania mumewe udhaifu ambao hakuwa nao. Mikono yake ilishindwa kikombe, ilishindwa kifungo cha shati, lakini kwa mama yake ilitulia mpaka ikamaliza. Na yeye mkewe akaja kumsahihisha. Alimwomba msamaha pale pale, kimoyomoyo, mbele ya rundo la vyuma chakavu, wakati Ndalahwa anakata ngazi ya kushoto ya taya la aluminiamu kwa unene wa penseli.

Mchana ule akaufunga mzizi. Ulilala upande vile vile ulivyotakiwa. Hakuwa na wa pili, kwa hiyo alitoboa taratibu, akisimama kila mara kufuta jasho na kusikiliza mti. Tundu la moshi lilipofika chini na kukutana na la tumbaku, hakucheka kama siku ile. Alizima mashine, akafuta kwa kidole gumba lile neno Mama la penseli, kwa sababu msasa ungelifuta tu, na alitaka alifute yeye.

Jumamosi Rwehumbiza akaja na kenta ya kukodi, mkungu wa ndizi kwa ajili ya mama, na kamba mpya nene za kufungia mashine. Akakaribishwa barazani. Leonsia alikuwa ameshapachika ule mrija mrefu wa kiko cha zamani kwenye kiko kipya. Alikisimamisha mkekani, akaleta kaa.

Kokugonza akavuta mara moja. Akavuta ya pili, akaachia mrija kabisa, akaweka mikono mapajani, na watu wote wakakitazama kiko. Kilisimama.

"Mashine haiendi Muleba," alisema mama.

Rwehumbiza aliinamisha kichwa, akasema amesikia. Hakubisha, na Leonsia alimshukuru kwa hilo. Lakini mama hakuwa amemaliza. Akamwuliza mkwe wake: na hiki nacho kikiungua, itakuwaje? Leonsia akasema ukweli, kwamba mzizi ulikuwa mmoja tu, na mataya yapo lakini mti haupo.

"Rwehumbiza," alisema Kokugonza, "si unao vijana wawili wenye nguvu? Kwanza wachimbe mzizi. Waulete kwa mama yao mkubwa, awaonyeshe unavyokaushwa. Hizo kamba waachie, wataufungia."

Rwehumbiza alianza kucheka kwanza, halafu wote. Akaenda kushusha ndizi. Kaa la kwanza lilikuwa limefifia, na Leonsia akainuka akaenda jikoni kuchukua jingine. Alirudi nalo kwenye kigae, akaliweka mbele ya mama mkwe. Kisha akakaa.